Vijana wa gemu na makaratasi ya Marekani

Sisi huku Ohio tupo, theluji imekwisha, boksi linabebwa kama kawaida. Nimepotea wiki tatu nzima, mnisamehe, zamu za usiku zimenibana.

Leo nalipa deni. Dada yangu wa Tanga (anajijua, na najua anasoma) alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mwanawe yuko kidato cha tatu, ameanza kukwepa masomo ya jioni, anashinda kwenye kibanda cha gemu. Hela ya nauli kanunulia padi yake mwenyewe, eti za kibandani zimechoka. Akiulizwa anasema anajifunza kazi. Dada kamnyang'anya hiyo padi, kaificha kwenye debe la unga. Sasa ananiuliza: "Kaka, wewe uko huko kwa wenyewe. Niambie ukweli, kuna mtu analipwa kwa kucheza gemu?"

Jibu fupi, dada, wapo. Jibu refu linahitaji historia kidogo, nami nitaieleza kwa jicho la mtu ambaye maisha yake yote ya ughaibuni yameendeshwa na makaratasi. Maana kupigiwa makofi ni jambo moja. Serikali kukuandika kwenye fomu kwamba hiyo ni kazi yako ni jambo jingine kabisa.

Mashindano yenyewe si ya juzi. Tarehe 19 Oktoba 1972, Chuo Kikuu cha Stanford, California, wanafunzi walishindana mchezo unaoitwa Spacewar, na zawadi ilikuwa kupelekewa jarida la Rolling Stone kwa mwaka mzima. Basi, gazeti! Mwaka 1980 kampuni ya Atari iliandaa mashindano ya Space Invaders yaliyovuta zaidi ya watu 10,000. Lakini bado yalikuwa mambo ya watoto. Bingwa anapigwa picha, kisha anarudi kwao kuosha vyombo.

Kwangu mimi habari inaanza 1997, mjini Atlanta. John Carmack, mmoja wa watengenezaji wa mchezo wa Quake, alikuwa na gari lake aina ya Ferrari 328 GTS, jekundu, akaamua kulitoa zawadi kwa atakayeshinda. Si nakala, si hela ya gari. Gari lake mwenyewe. Aliyeondoka nalo ni kijana Dennis Fong, maarufu kwa jina la Thresh, aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1977 na kukulia California. Mtoto wa wahamiaji! Hebu jiulize, mzazi umevuka bahari kwa ajili ya elimu ya watoto, halafu mwanao anaingia uani na Ferrari aliyoipata kwa kupiga watu risasi kwenye kompyuta. Unafurahi au unalia? Fong baadaye aliacha mashindano akaingia kwenye biashara, na kampuni aliyoshiriki kuianzisha, Xfire, ilinunuliwa na Viacom mwaka 2006 kwa dola milioni 102. Dada, sentensi hiyo usimwonyeshe mwanao.

Wakati huo Korea Kusini walikuwa wameshatangulia. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997, vibanda vya kompyuta viliota kila mtaa, vijana wasio na kazi wakajaa humo, na mchezo wa StarCraft ulipotoka mwaka 1998 ukawakuta wamekaa tayari. Mwaka 2000 kikaundwa chama cha taifa cha wachezaji kwa idhini ya serikali, na mechi zikawa zinarushwa kwenye televisheni. Kule kila mwanamume hulazimika kwenda jeshini, na mchezaji akikaa nje miaka miwili vidole vinasahau. Jeshi la anga lilifanya nini? Mwaka 2007 likaunda timu yake ya StarCraft, vijana wakawa wanavaa sare na kuendelea kushindana. Lim Yo-hwan, nyota mkubwa kuliko wote wa wakati ule, alikuwa mmoja wao. Timu hiyo haipo tena, lakini nadhani ndipo kwa mara ya kwanza dola ilipokiri kwamba kipaji cha padi na kibodi nacho kinaweza kuozea kambini.

Marekani walikuja polepole. Januari 2006 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes, ambacho wazee wa huku wanakiheshimu kama sisi tulivyoiheshimu taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kilimwonyesha Johnathan Wendel wa Kansas City, aitwaye Fatal1ty. Miezi michache kabla yake alikuwa ameshinda dola 150,000 katika fainali moja tu, New York. Watazamaji walishangaa, wakazima televisheni, wakalala.

Sasa tufike kwenye viza.

Mwaka 2013 kampuni ya Riot Games ya Los Angeles, wenye mchezo wa League of Legends, ilianzisha ligi ya kulipwa. Timu zinakutana California kila wiki, wachezaji wanapokea mshahara. Hapo tatizo likazaliwa. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara, hilo kila mbeba boksi analijua hata umwamshe usingizini. Na baadhi ya wachezaji walikuwa wageni. Wataingia kwa lipi? Si wanafunzi, si mainjinia.

Riot wakafanya kazi ya kuwaelewesha watu wa uhamiaji kwamba hii ni ligi kama ligi nyingine. Mwezi Julai 2013 Mkanada Danny Le, jina la mchezoni Shiphtur, wa timu ya Coast, akapewa viza ya P-1A. Hiyo ndiyo viza ya wanamichezo wanaotambulika kimataifa, wanayokuja nayo wageni wa mpira wa kikapu, besiboli na hoki. Ili kuipata hupeleki maneno matupu. Unapeleka mkataba na ushahidi: nafasi yako kwenye orodha ya ubora ya dunia, tuzo, barua za wajuzi wa mchezo wako.

Kilichonigusa ni hiki. Kundi hilo la viza za P liliwekwa na sheria ya uhamiaji ya 1990, sheria ile ile iliyoanzisha bahati nasibu ya grini kadi. Mimi ndiyo iliyonileta huku, mnakumbuka tulivyochinja mbuzi. Yaani mimi na kijana yule tumepitia jengo moja, mlango tofauti. Wangu uliandikwa bahati. Wake uliandikwa uwezo. Siku niliposoma habari ile nilikuwa kwenye basi natoka kazini saa kumi na moja alfajiri, mgongo unaniuma, na sitawaficha, nilisikia wivu.

Msidhani mlango ulibaki wazi. William Hjelte wa Sweden, aitwaye Leffen, mmoja wa wachezaji bora duniani wa Super Smash Bros. Melee, alizuiwa kuingia Marekani mwaka 2015 kwa kuwa alikuwa akishindana chini ya wadhamini bila viza ya kazi. Alipoomba ya wanamichezo akakwama, kwa sababu mchezo wake haukuhesabiwa kuwa mchezo halali. League of Legends ndiyo, Melee hapana! Mashabiki wakapeleka ombi Ikulu ya Marekani lenye saini zaidi ya 100,000, na mwaka 2016 akaipata. Mwaka 2018 akachukua ubingwa wa mashindano ya EVO, Las Vegas. Kwa hiyo mpwa wangu ajue: kutambuliwa hakuji kwa wote kwa pamoja, kunategemea unacheza gemu gani, nani anaimiliki na nani anakuandikia barua.

Vyuo navyo vikaamka. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Robert Morris cha Chicago kilitangaza kuwapa wachezaji wa League of Legends ufadhili wa masomo kama kinavyowapa wa mpira. (Chuo hicho kiliunganishwa na Roosevelt mwaka 2020.) Na tarehe 28 Julai 2019, kwenye uwanja wa tenisi wa Arthur Ashe, New York, Kyle Giersdorf, miaka 16, alishinda dola milioni 3 katika Fortnite. Mwaka huo huo Tiger Woods alipata dola milioni 2.07 kwa kushinda Masters.

Hata hivyo picha ninayoipenda si ya hela. Mwaka 2013, ukumbi wa Staples Center, Los Angeles, ulijaa watu kutazama fainali ya dunia ya League of Legends, na mmoja wa mabingwa alikuwa Lee Sang-hyeok, Mkorea wa miaka 17 aitwaye Faker. Miaka 10 baadaye, Septemba 2023, Korea ikatwaa dhahabu ya mchezo huo katika Michezo ya Asia, Hangzhou. Faker alikuwa na mafua, fainali hakucheza. Lakini medali ni medali: sheria ya kwao inamwondolea mwenye dhahabu ya Asia utumishi wa miezi 18, anabaki na mafunzo ya wiki tatu na saa 544 za kujitolea. Kutoka kuwa na timu ndani ya jeshi hadi kusamehewa jeshi. Kundi kubwa la muziki la huko, BTS, walikwenda, mcheza gemu akabaki.

Upande wetu je? Sylvia Gathoni wa Kenya, anayeitwa QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Uingereza kwa ajili ya Tekken, gemu hilo hilo wanalopigania watoto vibandani. Wakati huo alikuwa akisoma sheria, na hakuacha shule. Hilo, dada, mwonyeshe.

Na mwonyeshe na hili: serikali ikikutambua, inakutambua mzima mzima. Mwaka 2010 Korea waligundua mechi za StarCraft zinauzwa kwa wacheza kamari. Wachezaji 11 walifungiwa maisha, na waendesha mashtaka wakaingia kazini. Zamani ungeambiwa ni utani wa watoto tu.

Basi mwanangu asome kidato cha tatu amalize. Jumamosi mrudishie padi, Jumapili jioni irudi kwenye debe. Lakini ifunge kwenye mfuko wa nailoni kwanza, unga ukiingia kwenye vitufe mimi ndiye nitakayeombwa nyingine. Nikija Desemba nitacheza naye, tuone kama ni maneno tu.

Bibi mumsalimie, mwambieni dawa ya macho nimeshaituma.