Mswada, Shindano na Kitabu: Njia ya Muhammed Said Abdulla

Mhakiki wa riwaya ya Kiswahili ana desturi ya kuanza kazi yake kwa kutazama mwaka wa kupigwa chapa. Desturi hiyo ina hatari. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, niliandika insha ya semina nikaiweka Kufikirika ya Shaaban Robert miongoni mwa kazi za baada ya uhuru, kwa kuwa nakala ya maktaba ilionyesha mwaka 1967. Hoja zangu zilipangika vizuri, na zote zilikuwa mbovu. Mswada wa kitabu hicho uliandikwa mwaka 1946, na mwandishi wake alifariki 1962 bila kukiona kimechapwa. Tangu hapo naamini kuwa historia ya riwaya yetu ni historia ya miswada kwanza, ndipo ya vitabu. Na jinsi mwandishi mchanga alivyoufikia mtambo wa chapa si jambo la pembeni hata kidogo.

Muhammed Said Abdulla atufaa kwa uchunguzi huu, kwani njia yake yaonekana wazi. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. Mwaka 1948 akawa mhariri wa Zanzibari, na katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 alilihariri gazeti la kilimo, Mkulima, hadi alipostaafu 1968.

Basi alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale hakuwa mchanga wa kalamu. Alikuwa mchanga wa kitabu. Tofauti hii yafaa izingatiwe. Mtu wa gazeti huandika kwa siku maalumu, tena kwa msomaji atakayeliweka gazeti chini mara tu achokapo. Wahakiki wamesema mengi juu ya deni la Bwana Msa kwa Sherlock Holmes: kiko chake, na Najum anayemfuata kama Watson. Deni hilo lipo. Lakini yale mazungumzo mepesi, yenye mizaha na kukatizana kauli, sidhani kuwa yalitoka London. Yalitoka katika baraza za Unguja na kwenye meza ya mhariri.

Mtu huyu angeupeleka wapi mswada wake? Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela ilichapwa London mwaka 1934, na wachapishaji wa Uingereza waliotoa vitabu vya Kiswahili walitazama zaidi soko la shule. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza kazi 1930, ilikuwa ikisoma miswada na kukipa kibali kitabu kilichofuata usanifu. East African Literature Bureau iliundwa 1948, makao yake yakiwa Nairobi, na ndiyo iliyoendesha shindano la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958. Abdulla alipata tuzo ya kwanza. Kitabu kikatolewa na shirika hilohilo mwaka 1960.

Shindano lina jambo moja ambalo dawati la mchapishaji halina: lazima jawabu litoke. Kufikirika ilingoja miaka 21; Mzimu ilingoja kama miwili. Nakiri kwamba ulinganishi huu una kasoro, maana Kusadikika ya Shaaban ilichapwa mapema, 1951, kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa alifungiwa milango yote. Hata hivyo, tuzo nayo ina mwenyewe. Shirika lile lilikuwa chombo cha utawala wa kikoloni, na kwa maoni yangu hadithi ya upelelezi ilikuwa mzigo mwepesi kuupitisha mlangoni kuliko hadithi inayohoji sheria na watawala. Sisemi haya ili kumpunguzia Abdulla sifa yake. Nasema kwamba tukiitazama Mzimu kama chanzo cha riwaya ya upelelezi, tutazame pia ni nani aliyekuwa akichagua.

Tena tuzo ilimfungulia mlango mara moja tu. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitolewa na Evans mwaka 1968, miaka minane baada ya cha kwanza. Kisha twaona Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Atazamaye tarehe peke yake atasema kipaji kilikomaa ghafla. Lakini Abdulla alikuwa amestaafu, na East African Publishing House, iliyoanzishwa 1965, ilikuwa tayari Nairobi ikitafuta miswada. Baadhi ya vitabu hivyo ni vyake.

East African Literature Bureau ilikoma 1977 Jumuiya ilipovunjika. Wanafunzi wangu wanaotayarisha orodha za vitabu sasa nawataka waandike miaka miwili mbele ya kila riwaya: wa kuandikwa na wa kuchapwa. Safu ya kwanza hurudi ikiwa tupu mara nyingi, nami huwarudisha kwa watoto wa waandishi, kwa wahariri waliostaafu na kwa wapiga taipu, maadamu wangalipo.