Je, maji ya kisima chenu yanamfaa mtoto?

Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu na bado yakamdhuru mtoto. Kwa mama au mlezi wa Mbulu na Hanang kuna hatari mbili za kuangalia, nazo haziondolewi kwa njia moja.

Ya kwanza ni vijidudu vya kinyesi. Kabla ya kuchota, zunguka kisima. Je, kuna choo cha shimo au zizi la ng'ombe upande wa juu? Choo kinatakiwa kiwe upande wa chini, umbali wa mita 30 au zaidi. Je, saruji ya mdomoni ina nyufa? Maji yaliyomwagika yanarudi ndani? Kamba na ndoo vinalazwa chini? Jibu moja la "ndiyo" linatosha kukufanya uchemshe maji yote ya kunywa au uyatie dawa ya klorini, hata kama ukoo mzima umeyanywa miaka mingi. Mtoto mdogo akiharisha huishiwa maji mwilini upesi kuliko mtu mzima.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliingia Katesh na vijiji jirani. Tope la namna hiyo huzoa vyoo na mizoga njiani. Kisima kilichoingiliwa hakiwi salama kwa kuwa tope limetuama na maji yameng'aa. Maji yote yatolewe, tope lizolewe, kuta zisuguliwe na kuzibwa nyufa, klorini itiwe na kuachwa ifanye kazi, maji yatolewe tena, kisha yapimwe. Usimtume kijana ashuke na kamba: hewa ya chini inaweza kumuua, na kuta zinaweza kuporomoka. Mwambie afisa afya, kamati ya maji au ofisi ya RUWASA ya wilaya. Na maji yakinuka dizeli au dawa ya shambani, acha kuyatumia kabisa, kuchemsha hakusaidii.

Hatari ya pili ni floraidi. Hii hutoka kwenye miamba ya Bonde la Ufa, kwa hiyo hata kisima kisafi kinaweza kuwa nayo. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Haina rangi wala harufu, na ukichemsha maji yakapungua, yenyewe hubaki na kukolea. Meno ya kudumu ya mtoto, yanayojijenga ndani ya fizi miaka ya mwanzo, hutoka na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu mifupa. Ukiona watoto wengi waliokulia hapo wana meno hayo, ombeni kisima kipimwe floraidi, si vijidudu tu.

Mkisubiri majibu, kinga maji ya mvua kwenye bati safi, uyachemshe, uyatumie kwa kunywa na kwa uji wa wadogo. Punguza magadi kwenye maharage na makande, maana nayo huwa na floraidi. Anayenyonya mwendeleze: floraidi hupita kidogo sana kwenye maziwa ya mama, na kabla ya miezi 6 hahitaji maji ya kisima chochote.