Kukosa hamu ya kula: Je, ni sonona au ugonjwa wa ulaji?

Na Mwandishi Wetu

KUKONDA ni jambo ambalo mitaani husemwa haraka kuliko linavyochunguzwa. Binti akianza kuacha chakula sahanini, nguo zikamlegea na mashavu yakabonyea, majirani hawakosi jawabu: ana mawazo, amerogwa, au ana virusi vya Ukimwi. Ni wachache wanaouliza swali ambalo daktari wa magonjwa ya akili huanza nalo: je, binti huyu hasikii njaa, au anaisikia lakini anapigana nayo?

Swali hilo ni dogo, lakini ndilo linalotenganisha maradhi mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa kiini. Ya kwanza ni sonona, yaani huzuni iliyovuka mipaka na kugeuka ugonjwa. Ya pili ni magonjwa ya ulaji, hususan anoreksia. Kuyachanganya kuna gharama kubwa, kwani dawa inayomfaa mgonjwa wa kwanza inaweza kumdhuru wa pili.

Hata hivyo, kabla ya yote mawili, mtu anayepungua uzito bila sababu anapaswa kupimwa mwili. Kifua kikuu, Ukimwi, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, minyoo na saratani vyote hukondesha. Akili huchunguzwa sambamba na mwili, si badala yake.

Sonona: chakula hakina ladha

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataja dalili tisa za sonona. Mgonjwa anatakiwa kuwa na tano au zaidi kwa muda wa majuma mawili, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza raha katika mambo aliyoyapenda. Miongoni mwa dalili hizo ni mabadiliko ya hamu ya kula, au kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia tano katika mwezi mmoja bila kukusudia.

Neno la kuzingatia hapa ni 'bila kukusudia'. Mgonjwa wa sonona hali kwa sababu chakula kimekosa ladha, au kwa sababu kunyanyuka kwenda jikoni kumekuwa kazi nzito. Pilau aliyokuwa akiisubiri kila Ijumaa sasa anaiona kama makapi. Hajipangii kupungua, wala hafurahii anapopungua. Akiambiwa amekonda, ama husikitika ama hajali.

Sambamba na hilo, huwa na uchovu, usingizi wa kukatika, hasa kuamka alfajiri na kushindwa kulala tena, kujilaumu, na wakati mwingine kufikiria kifo. Wapo pia ambao sonona huwazidishia ulaji na kuwanenepesha.

Anoreksia: njaa ipo, woga umeizidi

Mwaka 1873 madaktari wawili, Sir William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza habari za wasichana waliojinyima chakula hadi kudhoofika. Jina ambalo Gull aliupa ugonjwa huo, anorexia nervosa, linatokana na Kigiriki na maana yake ni kukosa hamu ya kula. Jina hilo linapotosha. Wagonjwa wengi wa anoreksia wana njaa, na mawazo yao hutawaliwa na chakula kutwa kucha.

Wanachokosa ni ruhusa ya nafsi zao kula. Wanaogopa kuongezeka uzito, na kiasi cha kilo walicho nacho ndicho kipimo cha thamani yao. Mizani ikishuka, hufurahi. Mgonjwa anaweza kuwapikia wenzake kwa bidii huku mwenyewe akisingizia kwamba ameshakula. Atavaa nguo pana kuficha mwili, ataukata mkate vipande vidogo, atafanya mazoezi hata akiwa hoi. Wakati mgonjwa wa sonona hana nguvu ya kutoka kitandani, huyu hatulii.

Ugonjwa mwingine ni bulimia, uliopewa jina na Profesa Gerald Russell wa London mwaka 1979. Mgonjwa hula chakula kingi kwa mkupuo, kisha hujaribu kukiondoa kwa kujitapisha au kwa njia nyingine. Uzito wake mara nyingi ni wa kawaida, hivyo familia inaweza kukaa naye miaka mingi bila kujua.

Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Mapigo ya moyo hupungua, madini ya potasiamu hushuka, mifupa hudhoofika na hedhi huweza kukatika. Mwimbaji maarufu wa Marekani, Karen Carpenter, alifariki Februari 4, 1983 akiwa na umri wa miaka 32, baada ya moyo wake kudhoofishwa na ugonjwa huo.

Njaa nayo huzaa huzuni

Ugumu unakuja pale dalili za pande zote mbili zinapokutana kwa mtu mmoja, jambo linalotokea mara nyingi. Funzo kubwa lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945. Dk. Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, kwa muda wa miezi sita, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao.

Vijana hao walichaguliwa kwa sababu walikuwa na afya njema ya mwili na akili. Lakini njaa ilipokolea, wengi wao walipatwa na huzuni, hasira na kujitenga, na mazungumzo yao yakawa ya chakula tu. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi.

Maana yake ni kwamba huzuni ya mtu aliyekonda inaweza kuwa zao la njaa yenyewe. Ndiyo maana daktari huuliza: kipi kilitangulia? Ikiwa huzuni ilianza na hamu ya kula ikafuata kutoweka, sonona inashukiwa. Ikiwa kujinyima kulianza wakati mtu angali mchangamfu, na huzuni ikaja baadaye, ugonjwa wa ulaji ndio wa kuangaliwa kwanza.

Si ugonjwa wa Wazungu pekee

Wapo wanaoamini kwamba mahali ambapo mwili wa kujaa unasifiwa, ugonjwa huu hauwezi kuingia. Katika eneo moja la visiwa vya Fiji, ambako unene ulikuwa heshima, televisheni iliwasili mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker hakukuta msichana yeyote aliyesema anajitapisha ili kudhibiti uzito. Aliporudia uchunguzi mwaka 1998, asilimia 11.3 walikiri kufanya hivyo.

Aidha, si lazima mgonjwa aseme anaogopa unene. Katika miaka ya 1990, Dk. Sing Lee wa Hong Kong alieleza wagonjwa wa anoreksia ambao malalamiko yao yalikuwa tumbo kujaa au kutosikia njaa. Mgonjwa wa namna hii ni rahisi kudhaniwa ana vidonda vya tumbo au sonona. Vilevile, mfungo wa dini unaweza kuwa kificho kwa anayeendelea kujinyima baada ya wenzake kufuturu.

Matibabu yanatofautiana

Sonona hutibiwa kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa ya mirtazapini, kwa mfano, huweza pia kurudisha hamu ya kula. Kwa kawaida huzuni ikipungua, ulaji nao hurejea.

Kwa anoreksia, chakula chenyewe ndicho dawa ya kwanza, kikiambatana na tiba ya mazungumzo. Kwa vijana, njia inayowashirikisha wazazi katika kusimamia milo, iliyoanzia hospitali ya Maudsley mjini London, ndiyo inayopendekezwa zaidi. Dawa za sonona husaidia kidogo mwili ukiwa umekonda sana. Dawa ya bupropioni hairuhusiwi kwa wagonjwa wa anoreksia na bulimia kwa kuwa huongeza hatari ya degedege.

Familia ijihadhari pia na kumshindilia chakula ghafla mtu aliyekaa na njaa muda mrefu. Madini ya fosfeti katika damu huweza kushuka na kuuathiri moyo. Mgonjwa wa namna hiyo alishwe kwa usimamizi wa daktari.

Nyumbani, kelele za 'kula basi' na dhihaka juu ya mwili hazisaidii. Afadhali kuuliza kwa upole: chakula hakikupendezi, au unaogopa kukila? Jibu hilo lipelekwe kwa daktari kama lilivyo. Anayezirai, anayelalamika mapigo ya moyo, au anayesema hataki tena kuishi, afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maradhi haya, mara nyingi anayeficha ni mgonjwa mwenyewe, hivyo wa kwanza kuyaona ni yule anayekula naye meza moja.