Mfupa Ulikubali, Ufizi Ukagoma

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, Sweden, Gösta Larsson aliingizwa skrubu nne za titani katika taya la chini. Alikuwa amezaliwa na kasoro kubwa za taya na kidevu. Kula kulikuwa tabu, kuongea tabu. Meno ya bandia yaliyofungwa juu ya skrubu hizo yalimtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Aliyempasua, Per-Ingvar Brånemark, hakusomea udaktari wa meno. Alikuwa mtafiti wa mambo ya damu na mifupa. Mwaka 1952, akiwa Lund, alipachika vifaa vidogo vya titani kwenye mifupa ya miguu ya sungura ili atazame kwa hadubini jinsi damu inavyopita. Utafiti ulipokwisha alitaka kuvichomoa avitumie tena. Vikagoma: mfupa ulikuwa umeota ukavishika. Hapo ndipo kilipozaliwa kipandikizi cha jino tunachokijua leo, yaani skrubu inayokaa ndani ya taya mahali pa mzizi, na juu yake hufungwa taji lenye sura ya jino.

Masimulizi mengi ya ugunduzi huu huishia hapo, kwenye mfupa. Lakini sehemu ya mkasa inayoonekana mtu anapocheka ni ufizi, na ufizi ulichukua miongo mingine kadhaa kueleweka.

Wagonjwa wa mwanzo wa Brånemark walikuwa watu wasio na jino hata moja, hasa taya la chini. Meno yao mapya yalisimama juu ya nguzo za titani, na kati ya meno na ufizi kuliachwa upenyo makusudi ili mgonjwa aweze kusafisha. Kwenye taya la chini, mdomo uliuficha. Kwenye taya la juu, upenyo huo ulipitisha hewa na mate mtu akizungumza, na akicheka nguzo zilionekana. Hata hivyo, aliyekuwa ameishi miaka akila uji na supu hakuwa na sababu ya kulalamikia sura. Mwaka 1982, kwenye mkutano wa Toronto ulioandaliwa na Profesa George Zarb, madaktari wa Amerika Kaskazini waliyaona matokeo ya Wasweden na kuyakubali. Swali kubwa lilikuwa moja: je, kipandikizi kimeshika?

Miaka michache baadaye alikuja mgonjwa wa aina nyingine. Huyu alikuwa kijana aliyepoteza jino moja la mbele kwa ajali, meno ya jirani yakiwa mazima na ufizi wake ukiwa na mikunjo myororo ya asili. Kwake, kushika tu hakukutosha. Jino jipya lilisimama imara, ila lilionekana refu kuliko mwenzake, ufizi ukiwa na kivuli cha kijivu kwa sababu ya titani iliyo chini yake, na pembeni pakiwa na pembetatu nyeusi pale ambapo kinyama cha ufizi kati ya meno kilikuwa kimetoweka. Daktari alifaulu, mgonjwa akaendelea kufunika mdomo kwa mkono.

Kwa nini ufizi haukutii kama mfupa? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1991, tena Gothenburg, Tord Berglundh, Jan Lindhe na wenzao walipolinganisha ufizi wa jino la asili na ule wa kipandikizi katika vinywa vya mbwa. Kwenye jino la asili, nyuzi za ufizi huingia moja kwa moja katika tabaka gumu linalofunika mzizi na kujikita humo. Kwenye titani hazina pa kuingia. Hupita sambamba na skrubu na kuizunguka, kama ukosi wa shati unavyoizunguka shingo. Utafiti wao uliofuata ulionyesha pia kuwa damu inayofika hapo ni kidogo, kwa sababu mishipa iliyokuwa kati ya mzizi na mfupa huondoka pamoja na jino lililong'olewa. Ufizi wa kipandikizi, basi, hushikiliwa kwa udhaifu na hulishwa kwa uhaba. Ukijeruhiwa, hurudi nyuma upesi kuliko wa jino.

Mwaka 1996, Berglundh na Lindhe waliongeza jambo jingine zito. Ufizi unahitaji unene fulani juu ya mfupa ili ujifunge vizuri dhidi ya vijidudu. Ukikuta unene huo haupo, mwili wenyewe huula mfupa mpaka nafasi ipatikane. Mfupa ukishuka, ufizi hushuka nao. Kumbe ufizi mwembamba, uliodhaniwa kuwa kasoro ya sura tu, ulikuwa ukiamua hatima ya mfupa.

Wakati huohuo Dennis Tarnow wa New York alikuwa akipima kwa milimita. Mwaka 1992, yeye na wenzake walichunguza meno ya asili na kuuliza: kinyama cha kati hujaza nafasi lini, na lini huacha pengo jeusi? Umbali kutoka mfupa hadi mahali meno mawili yanapogusana ukiwa milimita 5 au pungufu, kinyama kilijaa karibu kila mara. Ukifika milimita 6, kilijaa kwa asilimia 56. Ukifika 7, asilimia 27. Milimita moja tu iligeuza matokeo. Mwaka 2000 kundi lake lilionyesha kwamba vipandikizi viwili vikikaribiana chini ya milimita 3, mfupa wa katikati hupungua zaidi. Kuanzia hapo, daktari makini aliacha kuuliza tu mfupa uko wapi. Alianza na mahali anapotaka ufizi uishie, kisha akarudi nyuma kutafuta pa kuweka skrubu.

Ufizi usiotosha huongezwa. Mbinu inayotumika zaidi ilielezwa na Burton Langer na Lawrence Calagna mwaka 1980, kabla hata vipandikizi havijaenea Marekani. Baada ya ganzi, daktari hupasua mstari mwembamba kwenye kaakaa, hufunua ngozi ya juu na kuchomoa kipande cha nyama ya ndani, unene wa milimita moja hivi au mbili. Kisha hurudisha ngozi mahali pake na kuishona. Kile kipande huingizwa katika kifuko kilichochongwa ndani ya ufizi wa mbele na kufungwa kwa nyuzi nyembamba mno. Kikipata damu pande zote mbili, huishi, na ufizi huwa mnene. Unene huo huficha pia rangi ya titani: mwaka 2007, Ronald Jung na wenzake wa Zurich walionyesha kwenye mataya ya nguruwe kuwa ufizi wa milimita 3 hauonyeshi kivuli cha chochote kilicho chini yake.

Baada ya upasuaji huja kazi ya uvumilivu, yaani kuufinyanga ufizi kwa taji la muda. Daktari hufunga taji la plastiki lenye kiuno kinachosukuma kidogo. Ufizi hugeuka mweupe kwa kubanwa, na baada ya dakika chache wekundu unarudi. Usiporudi, shinikizo limezidi na taji hupunguzwa. Wiki chache baadaye plastiki huongezwa kidogo, na ufizi husogea tena. Tarnow na mwenzake Paula Small walishauri mwaka 2000 kwamba isubiriwe miezi mitatu kabla ya kufunga nguzo ya kudumu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kurudi nyuma kwa ufizi hutokea ndani ya muda huo.

Somo jingine lilipatikana kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni moja ya Marekani ilitoa vipandikizi vipana kabla ya kutengeneza nguzo za upana huohuo. Madaktari wakafunga nguzo nyembamba kwa kukosa nyingine. Miaka ikapita, picha za eksirei zikaonyesha kuwa mfupa wa wagonjwa hao ulipungua kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Richard Lazzara na Stephan Porter waliieleza siri hiyo mwaka 2006: kiungio cha nguzo na kipandikizi kikisogezwa ndani, mbali na ukingo wa kipandikizi, mwasho wa vijidudu huwa mbali na mfupa, na ufizi hupata nafasi ya kutulia. Leo vipandikizi vingi hutengenezwa hivyo kwa makusudi.

Haraka nayo ilikuwa na gharama yake. Ilidhaniwa kuwa skrubu ikiwekwa siku ileile jino linapong'olewa, mfupa hautapungua. Mwaka 2005, Mauricio Araújo wa Brazil na Lindhe walionyesha kwa mbwa kwamba ukuta wa mbele wa tundu, ule ulio upande wa mdomo, huliwa kwa sababu sehemu yake ilikuwapo kwa ajili ya jino tu. Kwa binadamu, utafiti wa Lars Schropp na wenzake wa mwaka 2003 ulikuta ukingo wa taya ukipoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya miezi 12 baada ya jino kung'olewa, theluthi mbili ya upungufu huo ikitokea katika miezi mitatu ya kwanza.

Mwaka 2005 vilevile, Rudolf Fürhauser na wenzake wa Vienna walitoa kipimo cha uzuri wa ufizi: mambo saba, yakiwemo vinyama vya kati, rangi na umbo, kila moja likipewa alama 0 hadi 2, jumla 14. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana, kwani jambo lisilopimwa haliandikwi katika ripoti, na lisiloandikwa halimwajibishi yeyote. Kipandikizi kilichoshika barabara sasa kinaweza kupata alama mbovu.

Katika historia yote hii, kosa la gharama kubwa zaidi limekuwa kuufikiria ufizi mwishoni, skrubu ikiwa imeshakaa na hakuna cha kuirudisha nyuma. Kwa mgonjwa, maana yake ni kwamba swali la ufizi huulizwa jino bovu likiwa bado mdomoni: nikiling'oa leo, ufizi na mfupa vitalindwaje? Baada ya hapo kazi ni yake. Nyuzi zisizojikita hazizuii vijidudu kama zile za jino la asili, na uvimbe usiotibiwa huweza kuteremka hadi kwenye mfupa. Mswaki wa kila siku na uchunguzi wa mara kwa mara ni sehemu ya matibabu yenyewe, kwa muda wote kipandikizi kitakapokuwa mdomoni.