Mahari katika «L'Avare» ya Molière, na mali ya kwetu Basoko

Mchezo wa Molière unaoitwa «L'Avare», maana yake Bahili, walimu wa Kifaransa wa shule zetu wanaufahamu vizuri. Ulichezwa mara ya kwanza Paris tarehe 9 Septemba 1668, na Molière mwenyewe ndiye aliigiza Harpagon, mzee bahili aliyepita miaka 60. Wanafunzi wanacheka sana wakiusoma. Lakini pale penye kicheko kikubwa kuliko vyote, mwanafunzi wa Basoko ananyamaza. Kosa si lake. Ni mambo ya mahari.

Kwanza tuone namna gani vijana hawa wamefungamana. Harpagon alifiwa na mke, ana watoto wawili. Binti yake, Élise, anapendana na Valère, kijana aliyemuokoa majini. Ili akae karibu naye, Valère amejifanya mtumishi, anasimamia nyumba ya mzee na kumsifu kwa uongo. Mwana, Cléante, anampenda Mariane, binti masikini anayeishi na mama mgonjwa. Baba naye, bila kujua, amemtaka Mariane huyo huyo! Cléante amemchagulia mjane fulani, na Élise anataka kumpa bwana Anselme, tajiri wa karibu miaka 50. Tena ni Valère anayeombwa amshawishi Élise akubali.

Juu ya nini Anselme? Sababu amekubali kuoa bila mahari. Valère akitaja umri, akitaja mapenzi, akitaja maisha yote ya binti, mzee anajibu neno lile lile: bila mahari. Hapo mwanafunzi wetu anajiuliza: ni bahili wa namna gani huyu, anaacha mali ya binti yake? Huku kwetu, kuanzia Basoko kwenye Aruwimi hadi Kisangani, jamaa ya kijana ndiyo inaleta mali kwa wazazi wa binti: pesa, mbuzi, vitambaa, vinywaji. Baba anayetoa binti bure, watu watasema ni mjinga ao anaficha jambo.

Ufaransa ya wakati ule ilikuwa kinyume. Baba wa binti ndiye alitoa mali, nayo iliingia pamoja na binti katika nyumba ya mume. Kwa hiyo Anselme akioa bure, sanduku la Harpagon lenye écu 10 000, lililofukiwa bustanini, halitaguswa. Kwa Mariane mzee anataka kinyume, apate kitu. Mshenga Frosine anamfanyia hesabu ya kuchekesha: binti huyu hali sana, havai vya bei, hachezi kamari, basi analeta livre 12 000 kwa mwaka! Harpagon anajibu kwamba hesabu hiyo haishikiki mkononi.

Wengine wanauliza kwa nini vijana wasikimbie tu. Amri ya mfalme Henri II ya mwaka 1556 iliruhusu wazazi kumnyima urithi mwana aliye chini ya miaka 30, ao binti aliye chini ya 25, akioa ao kuolewa bila ruhusa yao. Ndiyo maana Élise na Valère wanatia sahihi ahadi ya ndoa kwa siri. Mwishoni Anselme anatambulika kuwa baba wa Valère na Mariane, waliopoteana baharini, naye analipia arusi zote mbili. Wapo wanaosema mwisho huo ni bahati tupu. Mimi naona Molière alisema kweli: bila mtu mwenye pesa kutokea, mapenzi yale yasingefika popote.

Na huku? Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu 361, inasema ndoa haifungwi kama mahari haijatolewa, hata sehemu yake tu. Kijana asiye na kitu anafanya ile watu wanaita «yaka tofanda»: wanakaa pamoja, watoto wanazaliwa, mali inangojewa.

Darasani dawa ni rahisi. Wanafunzi wacheze onyesho lile mara mbili: kwanza kama lilivyoandikwa, kisha Harpagon awe baba wa Basoko, na kwa kila hoja ya Valère ajibu: «Mali iko wapi?» Mara ya pili darasa lote linacheka, na Élise bado hajampata Valère.