Linux Ilianza Kama Mgeni

Wasee huniuliza kama ni sawa kuweka Linux kando ya Windows kwa kompyuta moja. Cheki, Linux yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka wa 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Ufini, alikuwa na kompyuta ya 386 aliyokuwa akilipia pole pole. Aliweka Minix, kisha akaanza kuandika mfumo wake kwenye diski hiyo hiyo. Siku moja alitaka modemu ipigie chuo simu. Amri zikaenda kwa diski, sehemu ya Minix ikaharibika. Angeirudisha, lakini hakujisumbua. Akabaki na yake, na leo ndiyo kiini cha Android simuni mwako. Mimi nasema weka, bora kwanza unakili faili zako kwingine.