Moto, karabai na reli: dagaa walivyofika Ihumwa

Ihumwa haina ziwa. Maji ya karibu yenye mitumbwi ni bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na anayetaka maji mapana zaidi itabidi ashuke kusini hadi Mtera, kwenye bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1980. Hata hivyo, kwenye magenge ya kando ya barabara ya Morogoro kuna samaki aliyevuliwa usiku wa manane katikati ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, na mvuvi aliyemtoa humo pengine hakuwa akiona nchi kavu upande wowote. Dagaa wa Kigoma hupimwa kwa kopo au kwa sado, na huishia kwenye sufuria moja na mlenda na ugali wa uwele bila mtu kuuliza wamefikaje. Kutoka Kigoma hadi Dodoma ni karibu kilomita 800 za reli. Ihumwa iko mbele kidogo, upande wa mashariki.

Tuseme ukweli kwamba si kila dagaa anayeitwa wa Kigoma ametoka Kigoma. Wa Mwanza nao wanakuja kwa wingi, na mchuuzi akishaona mteja mgeni, dagaa wote wanakuwa wa Kigoma. Bei ndiyo inayomshawishi: wa Kigoma husifiwa kuwa hawana mchanga wala uchungu, na huuzwa ghali zaidi. Makala hii inawahusu wao, wale wa kweli, kwa sababu historia yao ni ya watu waliokwenda mbali sana majini kwa vyombo vidogo sana.

Aliyezoea kuvua mtoni au bwawani hawezi kuielewa kazi hiyo mpaka aelewe ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kilomita 50, lakini sehemu kubwa ya maji yake haina uhai wa samaki kabisa. Ukishuka mita 100 upande wa kaskazini, au kama 200 upande wa kusini, oksijeni inakwisha. Samaki wote wa ziwa hilo kubwa wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu. Na dagaa hawakai kwenye matete wala chini kwenye mawe. Makundi yao hutembea huko katikati, mchana wakijificha chini kwenye giza, usiku wakipanda kufuata vijidudu wanavyovila. Samaki wakubwa waitwao migebuka nao huwafuata dagaa. Wavu wa kutega kando ya pwani hauwapati. Anayewataka lazima atoke, tena usiku, tena usiku usio na mwezi, kwa sababu wanaufuata mwanga na mbalamwezi inauharibu mwanga wa mvuvi. Ndiyo maana hadi leo, mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika ufukweni na nyavu hushonwa.

Mwanga wa kwanza ulikuwa moto wa kuni. Wavuvi wa mwambao wa Ujiji na vijiji vya pande zote za ziwa waliwasha kuni juu ya mtumbwi, upande wa mbele, wakangoja dagaa wakusanyike chini ya mwali, kisha wakawachota kwa lusenga, wavu wenye umbo la mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu. Watu wawili au watatu walitosha. Mtumbwi ulikuwa wa gogo moja lililochongwa. Kilichowazuia kwenda mbali zaidi hakikuwa woga tu: kuni ni mzigo, na mtumbwi uliojaa kuni hauna nafasi ya samaki. Kuni zikiisha, uvuvi umeisha. Wavuvi wa lusenga kwa hiyo walibaki mahali ambapo dagaa huja karibu kidogo na pwani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Richard Burton na John Speke walipolifikia ziwa Februari 1858, wakiwa wamepita Ugogo, yaani eneo letu hili la Dodoma, na misafara ya pwani. Speke alivuka hadi upande wa magharibi kwa mtumbwi wa kukodi, safari iliyomfunza adabu ya mawimbi ya ziwa hilo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1878, alifika Ujiji baharia Mwingereza aliyekuwa mmisionari, Edward Hore wa London Missionary Society, akakaa miaka mingi akizunguka ziwa na kuchora ramani ya mwambao wake. Alikuwa mtu wa bahari, lakini alilichukulia Tanganyika kwa heshima ileile inayopewa Bahari ya Hindi.

Wakati huo dagaa hawakuwa na njia ya kufika kwetu. Misafara ilipita Ugogo kila msimu, watemi wakitoza hongo kwa ajili ya maji na njia, lakini mgongo wa mpagazi uliwekewa pembe za ndovu. Hakuna tajiri ambaye angemlipa mtu atembee miezi mitatu na furushi la dagaa. Samaki wa Ujiji waliokaushwa waliuzwa kwa majirani wa nchi kavu, wakabadilishwa na nafaka na chumvi ya Uvinza, na soko likaishia hapo. Soko likiwa dogo, mvuvi hana sababu ya kuhatarisha roho yake mbali na pwani.

Reli ikabadilisha hesabu. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Ihumwa ikajikuta kwenye njia hiyo. Lakini treni haikuanza kwa kuleta kitoweo. Miezi michache baada ya kufika Kigoma vita vikazuka, na mabehewa yakabeba askari. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo, mvua ikakatika, na kuanzia 1917 ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wazee wetu walikufa kando ya reli ambayo kwa nadharia ingeweza kuwaletea chakula. Wanaoandika kwamba reli ilileta maendeleo Kanda ya Kati wangefanya vizuri kuikumbuka miaka hiyo mitatu.

Waingereza waliposhika nchi, biashara ilirudi taratibu. Meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 iliibuliwa 1924, ikapewa jina la Liemba na kuanza safari 1927, ikiokota abiria na magunia kutoka vijiji vya kusini hadi bandari ya Kigoma. Waha, wenyeji wa Kigoma, waliopanda treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro waliacha nyumbani wavuvi na kwenda kuwa wateja. Dagaa mkavu ni mwepesi, haozi njiani, hahitaji barafu. Kwa watu wa Ugogo hakuwa mgeni hata kidogo kwa tabia: sisi tulikuwa tumezoea kukausha mboga za masika ili zitufikishe kiangazi, na huyu alikuwa mboga iliyokwisha kukaushwa na wengine.

Kazi hiyo ya kukausha, kwa sehemu kubwa, ni ya wanawake wa ufukweni, na vitabu vya historia ya uvuvi vinawapita kama hawakuwepo. Mtumbwi ukifika alfajiri, dagaa wanaanikwa juani saa hiyohiyo, kwenye mchanga, kwenye mawe madogo, siku hizi pia kwenye vichanja vya wavu. Jua likiwaka vizuri, jioni mzigo uko tayari. Mvua ikinyesha mchana, usiku mzima wa wavuvi umepotea.

Mageuzi makubwa ya majini yalikuja miaka ya 1950. Kati ya 1946 na 1947 wataalamu wa Ubelgiji walikuwa wamelichunguza ziwa na samaki wake kutoka upande wa Kongo, na wakoloni wakaanza kuona biashara katika makundi yale ya katikati. Wavuvi Wagiriki waliokuwa Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, walileta vyombo vya chuma vyenye injini na wavu wa kuzungushia kundi zima la samaki na kuufunga kwa chini. Hao ndio wanaosifiwa katika taarifa za wakati ule. Lakini jambo lililowahusu watu wengi zaidi lilikuwa karabai.

Karabai inawaka usiku kucha kwa mafuta kidogo. Inang'aa kuliko lundo la kuni na haichukui nafasi. Mvuvi aliyeondokana na mzigo wa kuni aliweza kwenda mbali kadiri mikono yake ilivyomruhusu kupiga kasia, na baadaye kadiri mafuta ya injini ndogo ya nyuma yalivyomruhusu. Sambamba na taa ukaja mtindo wa kufunga mitumbwi miwili kwa miti, ikaelea sambamba, na kati yake ukashushwa wavu mpana hadi makumi ya mita chini. Karabai zinaning'inizwa juu ya maji. Kazi inayofuata ni kungoja, na wanaoijua wanasema kungoja ndiyo kazi yenyewe. Dagaa wakishakusanyika, kamba zote zinavutwa kwa pamoja, kwa wimbo au kwa hesabu, na wavu unapanda na kila kilicho juu yake. Kwa lusenga ulichota kikapu. Sasa unaweza kujaza mtumbwi, ikiwa ziwa linataka.

Mtindo huo ulienea kutoka Burundi hadi Kigoma na kusini zaidi, na ndio unaolisha magunia ya dagaa mpaka leo. Mtumbwi wenyewe haukukua sana. Ni wa mbao badala ya gogo, una urefu wa mita sita au saba, hauna paa, na ukiwa kwenye mawimbi ya kusi unategemea mikono ya watu wanaotoa maji kwa kopo. Meli za chuma zilikuja na nyingi zimekwisha kuondoka. Kinachoeleza historia hii ni taa iliyowekwa juu ya chombo kilekile kidogo, na soko lililokuwa mwisho wa reli.

Samaki hao walisafiri hata wakiwa hai. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jamii mojawapo ya dagaa wa Tanganyika ilipandikizwa Ziwa Kivu, ambako Wakongo na Wanyarwanda wanamwita sambaza, na mwaka 1967 na 1968 ikapelekwa kwenye bwawa la Kariba kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko pia wavuvi wakatoka usiku na taa.

Mwaka 1995, katika mradi mkubwa wa utafiti uliosimamiwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa fedha za Finland, ziwa zima lilihesabiwa kuwa na wavuvi kama 45,000. Mavuno ya mwaka yalikadiriwa kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000. Tangu hapo wavuvi wameongezeka na malalamiko pia. Wengine wanalaumu makokoro yanayozoa samaki wachanga pwani, ingawa ni marufuku nchini. Wengine wanalaumu wingi wa taa. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature sababu ambayo mvuvi hawezi kuirekebisha: ziwa limepata joto, upepo umepungua nguvu, na maji ya chini yenye rutuba hayapandi kama zamani kulisha vile vijidudu vinavyoliwa na dagaa. Kwa maoni yangu sababu zote zinafanya kazi kwa pamoja, ila ile ya kokoro ndiyo rahisi kukamatwa na polisi.

Nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilisaini mkataba wa pamoja mwaka 2003 jijini Dar es Salaam. Matunda yake yaliyogusa vyungu moja kwa moja yalikuja mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane na kukua. Mitumbwi ilivutwa nchi kavu Kigoma, Katavi na Rukwa. Mfungo wa namna hiyo unahesabiwa kwa namna mbili: mwenye mtumbwi anahesabu mikopo ya nyavu na mashine, na mama anayeanika anahesabu siku za jua kali ambazo hana cha kuanika.

Karabai nazo zinaondoka. Nafasi yake inachukuliwa na balbu za betri zinazochajiwa kwa jua, ambazo hazizimwi na upepo wala hazimlazimu mvuvi kununua mafuta ya taa kila jioni. Gharama ya usiku imepungua, na ndiyo maana taa zimezidi.

Upande wetu wa nchi kavu, treni ya umeme ya abiria ilianza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam Julai 2024, na mkataba wa kujenga reli hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Mji wa Serikali wa Mtumba, jirani na Ihumwa, umeleta watumishi kutoka kila mkoa, wakiwemo wa Kigoma wanaomjua dagaa wao kwa jicho na hawadanganywi na mchuuzi. Ziwa likifungwa, mchuuzi huyo hana ujanja tena: anamimina wa Mwanza kwenye sado, anataja bei ya Mwanza, na anawaambia wateja wa Mtumba wasubiri.